Wivu na Leso: Habari za Mchezo wa Othello

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya wivu. Twataka kueleza jinsi watungaji wa michezo ya kuigiza walivyouchukua wivu, wakauweka juu ya jukwaa mbele ya watu, wakaonyesha namna unavyoweza kumwangusha mtu mkubwa ambaye adui zake wa vitani hawakuweza kumwangusha. Mfano wetu mkuu ni mchezo wa Othello, uliotungwa na Mwingereza William Shakespeare yapata miaka mia nne na ishirini iliyopita. Tumeuchagua kwa sababu mtu wake mkuu ni Mwafrika, na kwa sababu ushahidi uliomwangamiza ulikuwa kipande cha leso, kitu ambacho hakuna nyumba ya Mlali isiyokijua.

Kabla ya kuendelea, yafaa tupambanue maneno. Kiswahili kina wivu, tena kina husuda, ambayo wengine huiita kijicho. Mwenye wivu ni yule aliye na kitu akaogopa kunyang'anywa. Mwenye husuda ni yule asiye nacho, naye hawezi kustahimili kukiona kwa mwenziwe. Neno kijicho lapendeza kulitazama, maana ni jicho lililofanywa dogo, na bila shaka kila mmoja wetu amekwisha kuliona jicho la namna hiyo likimtazama mwenye ng'ombe wengi wakati wa kiangazi. Watu huyachanganya maneno haya, wala hatuwalaumu, kwa kuwa katika mchezo wa Othello husuda ya mtu mmoja ndiyo iliyozaa wivu wa mwingine.

Wagiriki wa kale ndio waliotangulia kufikiri sana juu ya jambo hili. Mwanachuoni wao Aristotle, aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo, aliandika kitabu kidogo juu ya utungaji wa michezo. Alisema kuwa mchezo wa msiba haufai kumwonyesha mtu mwovu akianguka, maana watazamaji watafurahi. Wala mtu asiye na doa lolote, maana watazamaji watachukizwa. Aangukaye awe mtu wa katikati, mwema kiasi, ambaye kuna jambo moja alilokosea. Neno alilotumia kwa kosa hilo latokana na kitenzi kilichotumika kwa mpiga mshale aliyekosa shabaha. Wawindaji watalielewa neno hili kuliko wanachuoni wengi: mkono ni hodari, upinde ni mzuri, nia si mbaya, na hata hivyo mshale umekwenda kando ukampiga asiyestahili.

Hao Wagiriki walikuwa na mchezo wao wa wivu. Mwaka 431 kabla ya Kristo, katika mji wa Athene, mtungaji aliyeitwa Euripides alionyesha mchezo wa Medea, mwanamke aliyeiacha nchi yake kwa ajili ya mumewe Jason, kisha mume huyo akamwacha ili amwoe binti wa mfalme. Medea alimwua yule bibi arusi kwa vazi la sumu, kisha akawaua watoto wake mwenyewe ili baba yao abaki bila kizazi. Katika mashindano ya mwaka ule Euripides alipata nafasi ya tatu, hukumu ambayo leo yatushangaza. Lakini Medea ana sababu ya kweli: mume wake amemwacha, na mji mzima wajua. Othello hana sababu hata moja. Kwa hiyo tumfuate yeye.

Kisa hiki Shakespeare hakukibuni peke yake. Alikitoa katika kitabu cha hadithi cha Mwitalia Giraldi Cinthio, kilichochapishwa mwaka 1565. Katika hadithi ile jemadari hana jina, huitwa Mmoro tu, yaani mtu wa Afrika ya Kaskazini, na mwanamke peke yake ndiye aliyepewa jina. Mauaji yake ni ya kikatili na ya kijinga: Mmoro na mshika bendera wake wanampiga mwanamke kwa soksi iliyojazwa mchanga, kisha wanaiangusha dari ya nyumba juu yake ili watu wafikiri ni ajali. Shakespeare aliyatupa hayo yote. Habari ya kwanza tuliyo nayo ya kuchezwa kwa Othello ni ya tarehe 1 Novemba mwaka 1604, mbele ya Mfalme James wa Kwanza huko London. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1622, miaka sita baada ya mtungaji kufa.

Mambo yenyewe yanaanzia Venice, mji wa wafanya biashara uliojengwa juu ya maji, ambao kwa desturi uliajiri majemadari wageni ili kuongoza majeshi yake. Kutoka Venice mchezo wahamia kisiwa cha Kipro, kilekile kinachotajwa katika Matendo ya Mitume. Venice ilikitawala kisiwa hicho tangu mwaka 1489, nao Waturuki wakakiteka katika vita vya 1570 na 1571. Msidhani kwamba Waturuki hao walikuwa mbali na habari zetu. Katika miaka ya 1580 merikebu zao, chini ya Mir Ali Bey, zilifika pwani ya Afrika Mashariki kuwachochea watu dhidi ya Wareno, na mwaka 1589 Wareno wakamkamata huko Mombasa. Miaka minne baadaye, yaani mwaka 1593, wakaanza kuijenga ile ngome ya Mombasa inayosimama mpaka leo. Basi ulimwengu wa Othello na ulimwengu wa pwani yetu ulikuwa mmoja, wenye adui mmoja na bahari zilizoungana.

Sasa tusikilize kisa. Othello, jemadari Mwafrika, amemwoa kwa siri Desdemona, binti wa Brabantio, mzee mmoja wa baraza kuu la Venice. Usiku uleule baba yake aamshwa, aambiwa, naye apandwa na hasira. Aenda barazani kumshtaki Othello, na mashtaka yake ni uchawi. Asema binti yake hangeweza kumpenda mtu yule kwa akili yake timamu. Lazima amepewa dawa.

Hapa twaomba msikilize kwa makini, kwa kuwa kwa maoni yetu ufunguo wa mchezo wote umo katika baraza hili la usiku, ingawa walimu wengi hulipita upesi ili wafike kwenye leso. Othello ashtakiwa kosa kubwa. Mshtaki ni mzee mwenye heshima, mshtakiwa ni mgeni mwenye rangi nyingine. Watu wa Dodoma wajua vizuri jinsi neno uchawi linavyoweza kumpotosha hakimu. Lakini mkuu wa baraza hakubali maneno matupu. Asema kuwa kushtaki si kuthibitisha. Na Othello mwenyewe, bila kutetemeka, atoa shauri lililo jema kabisa: mtu atumwe akamwite mwanamke, aje aseme mwenyewe mbele ya baba yake. Akishuhudia vibaya, baraza limnyang'anye Othello cheo na uhai pia. Desdemona aja, asema, na maneno yake yamaliza shauri. Othello aokolewa kwa sababu baraza lilimwita shahidi na kumsikiliza.

Brabantio, akiondoka kwa uchungu, amwachia mkwewe neno moja: kwamba binti aliyemdanganya baba aweza kumdanganya mume pia. Othello alidharau. Lakini pembeni alikuwapo mtu mwingine aliyelisikia, akaliweka akiba.

Mtu huyo ni Iago, mshika bendera wa Othello, askari wa miaka mingi. Yeye alitumaini kuwa naibu wa jemadari, cheo kikapewa kijana Cassio wa Florence, ambaye Iago amdharau kwa kuwa amejifunza vita katika vitabu. Hiyo ndiyo husuda. Kisha Iago asema kwamba amesikia uvumi ya kuwa Othello alilala na mke wake, Emilia. Hajui kama ni kweli, lakini atatenda kana kwamba ni kweli. Huo ndio wivu. Wanafunzi wakumbuke neno hilo la Iago watakapofika mwisho wa kisa: mtu wa kwanza kuhukumu bila ushahidi katika mchezo huu ni yeye, na ugonjwa anaomwambukiza Othello ni ugonjwa wake mwenyewe.

Kazi yake aifanya kwa ufundi. Huko Kipro amlevya Cassio mpaka apigane, Othello amfukuza Cassio kazini. Iago amshauri Cassio amwombe Desdemona amtetee kwa mumewe. Desdemona, kwa moyo mwema, amtetea leo, amtetea kesho. Na kila anapomtetea, Iago asimama kando ya Othello akiguna, akiuliza swali nusu, akikataa kusema anachofikiri, mpaka Othello amlazimisha. Tena amkumbusha lile neno la Brabantio: alimdanganya baba yake. Hakuna uongo mkubwa hapo. Kuna kimya nyingi, na Othello aijaza kwa fikira zake mwenyewe.

Othello adai kuona kwa macho. Iago hana cha kuonyesha. Ana leso tu.

Tuseme kidogo juu ya leso, maana kwetu sisi neno hili lina historia. Lilitoka katika lugha ya Wareno, waliokuwa wakiziita hivyo nguo ndogo za mkononi walizouza pwani. Yasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua leso hizo kabla ya kukatwa moja moja, wakazishona pamoja sita sita wakapata vazi, na hapo ndipo ilipoanzia kanga, ambayo Mombasa na kwingineko yaitwa leso mpaka leo. Kanga za siku hizi huandikwa maneno, na mengi ya maneno hayo, kama mjuavyo, huelekezwa kwa jirani mwenye wivu. Leso ya Desdemona haikuandikwa neno. Ilikuwa kitambaa kilichotariziwa alama nyekundu za matunda. Lakini kila mtu aliisoma kama alivyotaka.

Ilikuwa zawadi ya kwanza ya Othello kwa mkewe. Siku moja yaanguka chini bila mwenyewe kujua. Emilia aiokota ampelekea mumewe Iago, ambaye alikwisha kumwomba mara nyingi amwibie. Katika hadithi ya Cinthio mshika bendera mwenyewe aliiiba, huku Desdemona akimbeba mtoto wake mdogo wa miaka mitatu. Twaona Shakespeare alifanya vema kuitia leso mikononi mwa Emilia, maana baadaye yeye peke yake ndiye awezaye kufumbua jambo. Iago aidondosha chumbani mwa Cassio. Cassio aiona, hajui ni ya nani, ampa rafiki yake wa kike, Bianca, ili ainakili tarizi yake.

Othello amwuliza mkewe iko wapi leso. Amwambia kwamba mama yake aliipewa na mwanamke Mmisri, kwamba imefumwa kwa uganga, na kwamba aipotezaye atapotewa na mapenzi ya mumewe. Desdemona aogopa, asema haikupotea. Huu ni uongo mdogo wa mtu aliyetishwa, nao wamdhuru sana. Lakini mwisho wa mchezo, mbele ya watu, Othello asema leso ile baba yake alimpa mama yake. Habari za mganga wa Misri hazimo tena. Wasomaji wengi hawakuliona jambo hili. Sisi twaona ya kuwa yale maneno ya uganga yalikuwa njia ya kumtisha mwanamke. Yule aliyeokoka katika mashtaka ya uchawi barazani, sasa atumia vitisho vya uchawi nyumbani kwake.

Tazameni sasa mwendo wa Bianca, mwanamke ambaye katika mchezo hakuna amheshimuye. Yeye pia aona leso ya kike mikononi mwa mwanamume ampendaye, naye pia ashikwa na wivu. Afanyaje? Amrudia Cassio njiani mchana kweupe, amtupia leso yake, amwuliza ameipata wapi, amwambia hatainakili tarizi ya mwanamke mwingine. Kisha amkaribisha chakula cha usiku. Wivu ni uleule, leso ni ileile, na hakuna aliyekufa kwa ajili ya wivu wa Bianca. Wakati huohuo Othello amejificha karibu, awaona Cassio na Bianca na leso, asikia kicheko asisikie maneno, akasadiki kuwa sasa ameona kwa macho. Cassio alikuwa akimcheka Bianca.

Haiwezekani kusema kwamba Othello hakuuliza kabisa. Alimwuliza Emilia, naye aliapa kuwa Desdemona ni mwaminifu. Othello akasema huyu naye ni mjanja tu. Alimwita mkewe majina mabaya, lakini mashtaka yenyewe, yaani Cassio na leso, hakumwambia mpaka usiku ule wa mwisho, na hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa. Iago alikuwa mshtaki, shahidi na mshauri wa hakimu, na siku ileile alipotoa ushahidi wa leso alipewa kile cheo cha unaibu alichokitamani tangu mwanzo. Mzee yeyote wa baraza angeuliza: huyu shahidi apata faida gani? Othello hakuuliza.

Usiku wa mwisho Othello aingia chumbani na taa. Desdemona amelala. Ambusu, amwamsha, amwuliza kama amesali. Sheria ya Tanganyika, Kanuni ya Adhabu, ambayo ingali msingi wa sheria ya nchi yetu, yampunguzia kosa mtu aliyeua kwa hasira ya ghafula iliyochokozwa, kabla moyo haujapata nafasi ya kupoa. Othello asingepata nafuu hiyo kwa hakimu yeyote. Moyo wake ulikuwa umepoa. Ndiyo maana asema kwa utaratibu, kana kwamba yuko kazini, na ajiita mtoa haki.

Hapo Desdemona aomba jambo moja, nalo ni lilelile aliloomba Othello mbele ya baraza la Venice: mtu yule aitwe, aulizwe. Othello ajibu kuwa haiwezekani, Cassio amekwisha kukiri, na kinywa chake kimefungwa kwa kuwa Iago ameshughulika naye. Amnyima mkewe kile ambacho wageni wa rangi nyingine walimpa yeye. Amziba pumzi kwa mikono yake, hapohapo kitandani.

Emilia aingia. Asikiapo habari ya leso, ashangaa, kisha asema mbele ya wote aliiokota yeye, akampa mumewe. Iago amwua kwa kisu, lakini neno limekwisha kutoka. Cassio hakufa, aletwa amejeruhiwa mguu, amebebwa kitini. Othello amwuliza sasa, kwa mara ya kwanza, aliipataje leso ile. Cassio ajibu kwa maneno machache kwamba aliiona chumbani mwake. Swali hilo halikuhitaji hata robo ya saa. Othello ajiua. Iago aapa kuwa hatasema neno tena, apelekwa kuhukumiwa.

Sasa kuna jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Kwa muda mrefu waandishi wengi wa Ulaya walisema kuwa wivu wa Othello ulitoka katika damu yake ya Kiafrika. Mshairi Coleridge, mwanzoni mwa karne ya 19, alikwenda mbali zaidi, akakataa kwamba Othello alikuwa mtu mweusi hasa, maana kwake lilikuwa jambo la kuchukiza kufikiri kwamba binti wa Venice angempenda. Brabantio alisema hivyohivyo, na baraza lilimkatalia. Shakespeare mwenyewe alijibu mapema. Miaka michache baada ya Othello alitunga mchezo mwingine juu ya Leontes, mfalme wa Sisilia, Mzungu, ambaye aingiwa na wivu juu ya mkewe bila Iago yeyote kumchochea. Amfunga mkewe gerezani na kumtupa mtoto wake mchanga nyikani. Iago naye, mwenye wivu kuliko wote, si Mwafrika.

Waafrika walionekana London siku zile. Mwaka 1600 balozi wa Mfalme wa Moroko, Abd el-Ouahed ben Messaoud, alikaa London miezi kadhaa, akachorwa picha ambayo ipo hata leo. Miaka minne kabla yake Malkia Elizabeth alikuwa ameandika barua akitaka watu weusi waondolewe katika nchi yake. Watazamaji wa Othello walikuja na mambo yote mawili akilini.

Tena kwa zaidi ya miaka mia mbili huko Uingereza jemadari Mwafrika aliigizwa na Wazungu waliojipaka rangi. Mwezi wa Machi 1833 mchezaji mkubwa Edmund Kean alianguka jukwaani London akimwigiza Othello, hakupona. Mwezi uliofuata nafasi yake ilichukuliwa katika nyumba ileile ya michezo na Ira Aldridge, mtu mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1807. Magazeti mengine ya London yalimtukana, akaenda zake, akacheza kote Ulaya kwa heshima, akafia mji wa Łódź mwaka 1867. Halafu alikuja Paul Robeson, Mmarekani, mtoto wa baba aliyezaliwa mtumwa: alimwigiza Othello London mwaka 1930, na kuanzia 1943 alicheza New York mara 296, hesabu ambayo huko Marekani mchezo wa Shakespeare ulikuwa haujapata kuifikia.

Mwaka uleule alipokufa Aldridge, yaani 1867, Shakespeare aliingia katika Kiswahili. Padre Edward Steere, wa misioni ya Zanzibar, alichapa huko kitabu kidogo cha hadithi nne zilizofupishwa kutoka michezo yake, ikiwamo habari ya mfanya biashara wa Venice na ile ya Mfalme Lear. Othello hakuwamo. Lakini miaka mitatu baadaye Steere huyohuyo alitoa kitabu cha hadithi za Waswahili, na ndani yake mna kisa cha Liongo, ambacho kwa maoni yetu ni msiba unaoweza kusimama kando ya ile ya Wagriki. Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi mwaka 1913. Liongo alikuwa shujaa na mpiga upinde asiye na mfano. Sultani wa Pate akamwogopa, akamtia mwanawe mwenyewe tamaa ya kuoa binti wa kifalme. Kijana akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba. Liongo akaenda akapiga goti karibu na kisima, mshale umo upindeni, akafa vivyo hivyo, na watu wasijue kama amekufa. Siku kadhaa hakuna aliyethubutu kuteka maji, hata mama yake alipoletwa ambembeleze. Nyinyi mnaochimba visima katika mchanga wa korongo kavu mtaielewa hofu ya mji ule bila kuambiwa. Yule kijana hakufaidi alichoahidiwa.

Mfasiri mkubwa wa Shakespeare katika nchi yetu alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Tafsiri yake ya kisa cha Kaizari ilitoka mwaka 1963, naye akiwa Rais. Akaisahihisha, ikatolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi. Mwaka 1968 S. S. Mushi alikuwa ametoa Makbeth. Wanafunzi walio na Juliasi Kaizari wamtazame Kasio. Huyo ni ndugu yake Iago. Asimulia jinsi Kaizari alivyoshindwa kuogelea, na jinsi alivyotetemeka kwa homa, na kila neno lake lasema jambo moja: kwa nini yeye na si mimi? Naye hatumii leso. Atumia barua za uongo, zilizoandikwa kwa mikono mbalimbali na kutupwa dirishani mwa Bruto, ili mtu yule mwema adhani kuwa Roma nzima yamwita. Bruto azisoma usiku peke yake. Hakutafuta hata mwandishi mmoja wa barua zile amwulize. Kwa njia, Milton Obote wa Uganda, alipokuwa mwanafunzi wa Makerere, ndiye aliyemwigiza Kaizari. Mwezi wa Januari 1971 aliangushwa na mkuu wa jeshi lake mwenyewe.

Huenda shule fulani ya Kongwa ikataka kuucheza Othello kwa Kiswahili chake yenyewe. Isiogope gharama. Nyumba ya michezo ya Shakespeare iliyoitwa Globe ilikuwa wazi juu, watu wengi wakisimama kuzunguka jukwaa kama wasimamavyo kutazama ngoma, na mchezo ulichezwa mchana. Ndiyo sababu Othello huingia na taa: ile taa ndiyo iliyowaambia watu kuwa sasa ni usiku. Wanawake hawakuruhusiwa kucheza. Desdemona aliigizwa na mvulana mpaka mwaka 1660, mwanamke wa kwanza wa kazi hiyo alipopanda jukwaa la London, na kwa kadiri ijulikanavyo alipanda kumwigiza Desdemona. Kabla ya hapo, mwezi wa Septemba 1610, wachezaji walikwenda mji wa Oxford, na msomi mmoja aliyekuwako aliandika barua kwa Kilatini kueleza aliyoyaona. Alisema kuwa Desdemona aliwagusa watu alipokuwa akisema, lakini aliwagusa zaidi alipokwisha kuuawa, pale alipolala kitandani kimya, na kwa uso wake tu akawaomba watazamaji huruma.